Ufito namba 8, mshipi namba 5: jibu kwa mwalimu wa Kerugoya

Swali: "Mzee, salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kerugoya. Mjomba wangu, aliyewahi kuwabebea wavuvi mizigo kule mlimani, aliniachia ufito wa kuvulia kwa nzi, futi 9, umeandikwa #8. Nikanunua mshipi mpya, boksi limeandikwa WF5F, kwa sababu muuzaji alisema namba 5 ndiyo ya trauti. Mwezi mzima niko mto Thiba na sijashika hata mmoja. Sifikishi mita tano. Mshipi unaanguka miguuni kama tambi, mara nyingine unalia kama mjeledi na nzi anapotea. Rafiki yangu anasema ufito umezeeka, ninunue mwingine. Kuna mtu Nairobi anauza wa futi 9, namba 6, anausifu kwamba ni mkali na unatupa mbali, anataka shilingi 40,000. Rafiki huyo pia anasema siri yote ni saa nne na saa nane. Ninunue? Na nitajifunzaje kutupa bila mtu wa kunishika mkono?"

Mwalimu, hizo elfu arobaini zikae kwanza. Kuna namba mbili ulizoandika ambazo zimenieleza zaidi ya maneno mengine yote: ufito 8, mshipi 5. Ufito wa mjomba wako haujachoka, ila umeunyima mzigo. Mkono wako nao una makosa nitakayoyafikia, lakini hata mtu aliyevua miaka thelathini angepata taabu na vifaa visivyoelewana namna hiyo.

Anayevua kwa chambo na chubwi hutupa chubwi, na ule uzito ukiruka unaburuta nailoni nyuma yake. Nzi wetu hana uzito. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ya jogoo, na ukiiweka kwenye kiganja huku umefumba macho huwezi kusema ipo au haipo. Jaribu kutupa unyoya wa kuku uvuke barabara uone utafika wapi. Kwa hiyo katika uvuvi huu uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ndiyo maana ni mnene na umevikwa plastiki. Mshipi unaruka, nzi anafuata. Kazi ya ufito ni kuelemewa na mshipi mpaka upinde, kisha unapojinyoosha uusukume mshipi kule unakotaka. Usipopinda hakuna kinachotupwa, unapunga hewa tu.

Namba unazoziona ni za uzito. Zamani mishipi ilikuwa ya hariri na iliandikwa herufi kufuata unene. Vilipokuja vitu vya viwandani, unene ukaacha kueleza uzito, na mwaka 1961 watengenezaji wa Marekani wakakubaliana kupima futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9 na kidogo. Namba 4 ni gramu 7.8. Namba 5 ni gramu 9.1, namba 6 ni 10.4, na namba 8 ni 13.6. Ufito nao huandikwa namba ya mshipi uliotengenezewa. Sasa piga hesabu. Ufito wa mjomba unangoja gramu 13.6. Wewe una mshipi wa gramu 9.1, na kwa kuwa huutoi hata mita tano nje ya kipete cha mwisho, ile pete ndogo ya nchani inayopitisha mshipi, ukweli ni kwamba umeupa gramu nne, labda tano. Hilo ni lori la tani saba lililopakiwa gunia moja la viazi. Springi zitalala vipi?

Aliyekuuzia mshipi hakukudanganya kwamba namba 5 inafaa trauti. Alipaswa tu kukuuliza ufito wako ni namba ngapi.

Ule wa Nairobi usinunue. Mshipi wako ungebaki mwepesi kuliko ufito, na sifa anayoitaja mwenye nao, kwamba unatupa mbali, ndiyo inayoufanya usikufae. Fikiria maji unayovua. Trauti si samaki wa asili wa kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakaishia katika mto Gura kule Aberdare, na wale wa rangi za upinde wa mvua wakafuata baadaye. Pamoja na samaki zikaja fito na mafunzo ya watu waliovua wakiwa wamesimama kwenye kingo za nyasi, nyuma yao hakuna kitu. Thiba ya juu, kule kwenye msitu wa Castle, unaijua mwenyewe: mahali pengi upana wake haupiti barabara ya murram, matawi yanakutana juu ya kichwa, na mgongoni una mianzi. Samaki wengi utakaowashika hapo watakuwa mita sita, saba, nane kutoka ulipo. Ufito wa kutupa mita 25 hapo hauna kazi, maana mita 25 za Thiba zilizonyooka bila tawi utazitafuta siku nzima.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Fito mbili zinaweza kuwa na urefu mmoja na namba moja zikawa na tabia tofauti kabisa. Kuna unaopinda ncha tu, sehemu iliyobaki imekaza; huo ndio wanaouita mkali. Kuna unaopinda hadi katikati, na kuna ulio laini, unaopinda mpaka unauhisi ndani ya mpini. Ule mkali umetengenezwa uamke ukiwa na mshipi mrefu hewani, mkononi mwa mtu ambaye tayari anajua kungoja. Ukiwa na mita sita nje unakaa kimya kama mpini wa jembe, nawe huhisi chochote, na usipohisi hujifunzi. Unaopinda hadi katikati huanza kufanya kazi mshipi ukiwa mfupi, tena unakuambia mkononi: sasa nimebeba, sasa nimeachia. Kwa mwanafunzi taarifa hiyo ina thamani kuliko umbali wowote. Dukani wanasifu fito kali kwa sababu ukiutikisa mkavu mkononi unaonekana mwepesi na wa haraka. Hakuna trauti aliyewahi kushikwa kwa kutikisa ufito mkavu. Ukitaka kuununua, mwambie mwenye nao mtoke nje, fungeni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, vuteni mita nane za mshipi, utupe kwenye nyasi. Akikataa, ondoka.

Kama ungekuwa unaanza na mikono mitupu ningekuambia futi 8, namba 4. Lakini mshipi wa namba 5 unao, ni mpya, na pesa za mwalimu zina kazi nyingi. Tafuta ufito wa namba 5, futi 8 au 8 na nusu, unaopinda hadi katikati. Utakutosha Thiba, utakutosha Mathioya na Ragati, na siku ukipanda kwenye maziwa ya mlimani kama Ellis au Rutundu, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, ambako upepo haulali, utauona mdogo lakini hautakuaibisha. Wa nyuzi za kaboni ni mwepesi. Wa faiba ni mzito kidogo, mlaini, unavumilia kugongwa kwenye mawe, na kwa mto mdogo mimi naupenda sana. Ukipata wa faiba kwa bei nzuri usiudharau kwa sababu ni wa mtindo wa zamani. Fito za mianzi, zile za vipande sita vya mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China, vilivyogundishwa pamoja, ni kazi nzuri mno ya mikono, lakini si za kuanzia.

Wa mitumba unafaa kabisa, ila ukague. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila kipete ukikizungusha. Pamba ikinasa, kipete kimepasuka, na kipete kilichopasuka kitakula mshipi wako mpya ndani ya wiki mbili. Unganisha ufito, shika mpini, zungusha polepole huku unautazama kutoka shinani hadi nchani kama fundi anavyotazama mbao: unyooke, usiwe na mahali palipovimba au pamelainika. Kwenye maungio usikie ukimya. Ukisikia mlio wa kugonga unapoutikisa, maungio yamelegea. Hesabu pia urefu, kwa sababu fito nyingi zilizovunjika ncha hufungwa kipete kipya na kuuzwa kama nzima, na ufito uliokatwa inchi nne nchani si ule ulioandikwa tena.

Rili isikupotezee usingizi. Kwa trauti wa Thiba ni ghala la mshipi tu. Utakayemshika utamvuta kwa mkono. Pesa zako ziende kwenye ufito na mshipi. Ukija kununua mshipi mwingine, uliza wa DT badala ya WF. Herufi hizo zinaeleza uzito umekaa wapi: WF uzito wote umesogezwa mbele ili mshipi utoke mbali, DT umechongoka ncha zote mbili na katikati uko sawa. DT unaviringika vizuri zaidi juu ya maji, jambo utakaloona faida yake chini ya matawi, na upande mmoja ukichakaa unaugeuza, unapata mshipi mpya bila kununua. Ile F ya mwisho ni kwamba unaelea, na hiyo usiibadilishe.

Mbele ya mshipi funga lida, ule uzi mwembamba wa nailoni unaounganisha mshipi na nzi, ya futi 7 na nusu inayochongoka, mwisho wake uwe 4X, unene wa milimita 0.18. Usifunge nailoni moja nene yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Nguvu inayotembea kwenye mshipi inahitaji kupungua taratibu ndipo nzi atue mbele. Sehemu ya tambi zako inatoka hapo.

Sasa mkono. Una uwanja wa shule, na huo ni utajiri. Usijifunzie mtoni. Mtoni macho yako yatakuwa kwa samaki, miguu kwenye mawe, na mkono utarudia kosa lilelile mpaka liwe tabia. Nenda uwanjani jioni wanafunzi wakishaondoka, dakika ishirini, siku nne kwa wiki. Badala ya ndoana funga kipande cha sufi nyekundu, ukubwa wa punje ya hindi. Vaa kofia na miwani hata hivyo, uzoee.

Shika mpini kama unavyomsalimia mtu mkono, kidole gumba kiwe juu, kimenyooka kuelekea nchani. Simama mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kifua kimegeuka kidogo ili uweze kutazama nyuma yako. Tandaza mita nane za mshipi mbele yako, zinyooke. Ncha ya ufito iinamishe hadi iguse nyasi. Hapo penye ncha kukaribia ardhi pana maana yake: ukianza ncha ikiwa juu, mshipi unaning'inia umelegea, na nusu ya mwendo wako inaishia kuondoa ulegevu kabla ufito haujabeba chochote. Mkono wa kushoto ubane mshipi chini ya kipete cha kwanza usiteleze.

Inua. Polepole mwanzoni, ukiongeza mwendo, ukiongeza, halafu simama ghafla ncha ikiwa juu, imepita kichwa kidogo tu. Kusimama huko ndiko kutupa. Wanafunzi wengi hufikiri nguvu ndiyo inayotupa. Unakumbuka utotoni tulivyochomeka donge la udongo kwenye ncha ya fimbo mbichi na kulirusha? Ukizungusha fimbo bila kusimama, donge linatoka kwa hiari yake na kuanguka miguuni au kumpiga mwenzako. Ukiharakisha kisha ukakatisha, linaruka juu ya mapaa ya nyumba. Mkono uliosimama ndio uliolirusha. Fanya mchezo huo tena kesho, na udongo wa kweli na fimbo ya kweli, mara kumi. Mkono wako unalijua jambo hili tayari, ni kuukumbusha.

Umeshasimama nyuma. Sasa ngoja. Mshipi unatoka mbele, unapita juu ya kichwa, unafungua kitanzi nyuma yako, na mpaka utakapokaribia kunyooka hakuna kitu cha kutupa mbele, kwa maana ufito hauna mzigo. Geuza kichwa uutazame, usione haya. Mimi huwafundisha watu kutamka neno. Mshipi ukiwa mfupi, mita sita hivi, sema "Thi-ba" bila kuharakisha, ndipo uanze mbele. Ukirefuka ukafika mita kumi, sema "Ki-ri-nya-ga". Mshipi mrefu unataka neno refu. Kile kilio cha mjeledi ulichoniandikia ni wewe ukianza kwenda mbele kabla neno halijaisha: mshipi bado unakunjuka nyuma, wewe unaugeuza, ncha yake inapasuka kama mjeledi, na nzi anakatika. Nzi wote uliowapoteza uliwapoteza nyuma ya mgongo wako, hukuwahi kumwonyesha samaki hata mmoja.

Hizo tambi zilizobaki zinatoka kwenye kifundo cha mkono. Hili nalijua bila kukuona, kwa sababu karibu kila anayejifunza peke yake analo. Unaporudi nyuma kifundo kinavunjika, ncha inashuka mpaka karibu na nyasi, na mshipi unafuata ncha kama mbuzi anavyofuata kamba. Ncha ikishuka, mshipi unashuka. Kisha unapokwenda mbele unalazimika kuuchota kutoka ardhini, ufito unachora nusu duara, na mshipi unaanguka rundo. Dawa yake ni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ufunge kuzunguka kifundo cha mkono pamoja na shina la ufito, chini ya rili, usibane sana. Kifundo kikianza kuvunjika, mpira utakuvuta. Vaa huo kwa wiki mbili.

Kuna zoezi jingine ambalo wewe kwa kazi yako utalielewa kuliko wengine. Simama ubavu kwa ubao wa darasani, chukua chaki, uchore mstari mrefu juu ubaoni kutoka mkono wa mbele hadi nyuma. Ukibana kiwiko na kuzungusha mkono kama mlango kwenye bawaba, chaki itachora upinde wa mvua. Ili mstari unyooke, kiwiko lazima kisogee, bega lifuate, na kifundo kigeuke kidogo sana mwishoni. Sasa elewa kwamba ncha ya ufito ni chaki, na mshipi utapita palepale ncha ilipochora. Ncha ikienda mstari ulionyooka, kitanzi cha mshipi kinakuwa chembamba kinachokata upepo. Ncha ikichora upinde, kitanzi kinafunguka kama mwavuli na kufa njiani. Na ukirusha kwa pupa mwanzoni mwa mwendo, ncha inazama katikati ya mstari, mshipi unajigonga, na lida inajifunga vifundo vidogo. Watu huulaumu upepo kwa vifundo hivyo. Upepo hauvijui.

Sasa ile saa nne na saa nane. Mchoro wa vitabuni ni uso wa saa, mvuvi amesimama katikati, ufito unasimama kwenye 10 mbele yake na kwenye 2 nyuma yake, ambazo kwetu ni saa nne na saa nane. Rafiki yako hakubuni, watu wengi walifundishwa hivyo. Lakini kwa mita zako saba, saa nane nyuma ni mbali mno, ncha itakuwa imeshashuka. Simama saa saba. Na mshipi ukirefuka, ufito unapinda zaidi na mkono unahitaji safari ndefu zaidi, kwa hiyo saa inabadilika. Lefty Kreh, Mmarekani aliyefundisha kutupa kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2018, aliipinga wazi kanuni hiyo ya saa moja kwa kila mtupo. Mshipi mfupi, mwendo mfupi. Mshipi mrefu, mwendo mrefu. Shika hilo badala ya saa.

Ukiweza kuufungua mshipi mbele na nyuma bila kugusa nyasi, weka sinia chini mita nane kutoka ulipo, utue sufi nyekundu ndani yake. Lenga kama mita moja juu ya sinia ili mshipi unyooke hewani na nzi ashuke mwenyewe. Ukilenga sinia lenyewe utampigiza. Sufi ikitua ndani ya sinia au kiganja kimoja nje yake mara saba katika kumi, uko tayari kwa mto. Usipunge mara nyingi hewani kabla ya kutua. Nyuma, mbele, nyuma, tua. Kila upungaji wa ziada ni nafasi ya kukosea, na mtoni ni kivuli kinachopita juu ya samaki.

Mtupo mmoja hutaweza kuusoma uwanjani, na ndio utakaoutumia zaidi Thiba. Ni ule wa kuviringisha, usiopita nyuma yako kabisa. Unahitaji maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoshika mshipi ili ufito upinde. Nenda kwenye bwawa lolote lililo karibu, au mfereji mpana kule Mwea, ambako maji ya Thiba yenyewe yanafika yakiwa yametulia. Weka mshipi majini mbele yako. Uvute polepole ufito ukipanda, mpaka mkono uwe karibu na sikio na mshipi umening'inia nyuma ya bega kama herufi D, ncha yake bado imelala majini. Simama kabisa. Hesabu moja. Kisha mbele kama mtu anayepigilia msumari ukutani kwa nyundo, na usimame juu. Mshipi utajiviringa juu ya maji kama mkeka unaokunjuliwa. Ukiona umeviringika lakini ukaanguka karibu, hukusimama. Uliendelea kushusha ufito mpaka majini.

Siku ya mto, panda kutoka chini kwenda juu. Trauti hulala kichwa kikielekea maji yanakotoka, ukija kwa nyuma hakuoni. Piga goti. Tua nzi mita moja kabla ya jiwe unaloliamini, upande maji yanakotoka, umwache ateremke kwa mwendo wa maji yenyewe, huku ukikusanya ulegevu kwa mkono wa kushoto. Nzi akivutwa na mshipi na kuchora mstari majini, trauti anajua. Kuhusu nzi, ndoana za ukubwa namba 12 au 14 zitakutosha, na mweusi yule anayeitwa Kenya Bug aanze. Usiagize kutoka nje. Nzi wengi wanaouzwa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani wamefungwa hapahapa Kenya, kwa vidole vya akina mama na vijana wetu, na kazi yao ni safi. Kijino cha ndoana, ule mwiba mdogo unaoizuia isichomoke, kibane kwa koleo kabla hujatupa mara ya kwanza. Siku moja nilimtoa kijana ndoana nyuma ya sikio kando ya mto, tukiwa mbali na zahanati yoyote, na kwa kuwa kijino kilikuwa kimebanwa ilitoka kama sindano kwenye nguo.

Chukua leseni ya uvuvi kabla, na popote unapoingia eneo la hifadhi lipa na uulize askari wa wanyamapori kuhusu tembo na nyati wa siku hiyo. Mwendee hata kama umepita njia hiyo mara mia, maana sauti ya mto inaficha nyati mpaka awe mita tano kutoka kwako.

Ufito wa mjomba usiuuze. Upake nta kidogo kwenye maungio, uuhifadhi umesimama mahali pakavu, usiulaze juu ya misumari. Ukipata mshipi wa namba 8, hata wa mitumba, utakuwa ufito sahihi kwa besi wa Naivasha, na siku ukishuka pwani, kwa kolekole wadogo wa kwenye vijito vya bahari. Ila baada ya maji ya chumvi uuoshe kwa maji yasiyo na chumvi usiku huohuo. Kwa sasa subiri mvua zipite, mto uwe mweupe kiasi cha kuona mawe ya chini. Zoezi la chaki anza jioni ya leo, na wiki sita za uwanjani ukiwa na ufito wa namba 5 zitakufikisha hapo. Ukishapata ufito wa namba 5, kabla hujalipa, niandikie yaliyoandikwa juu ya mpini, herufi kwa herufi, nami nitakujibu siku hiyohiyo.